Mashindano Mawili, Kilima Kimoja: Uandishi wa Wanafunzi wa Makerere na Nafasi ya Kiswahili, 1952–1970

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mashindano ya uandishi yaliyolelewa na Idara ya Kiingereza ya Chuo cha Makerere, Kampala, katika miaka ya 1950 na 1960, na kuyalinganisha na mashindano ya uandishi wa Kiswahili yaliyoendeshwa na asasi za kikoloni katika kipindi hicho hicho. Ulinganishi huu unawezekana kwa sababu Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake hapo hapo Makerere kuanzia 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya fasihi hizi mbili katika kipindi hicho haikutokana na uhaba wa vipaji wala wa mashindano upande wa Kiswahili, bali ilitokana na kile kilichofuata baada ya shindano. Mwanafunzi aliyeandika kwa Kiingereza aliwekewa ngazi ya darasa, jarida, mkusanyiko na mchapishaji, ilhali mwandishi wa Kiswahili alipewa zawadi na kuachwa hapo. Makala yanahitimisha kwamba dai la kuwa fasihi ya kisasa ya Afrika Mashariki ilianzia Makerere ni tokeo la masharti ya mashindano hayo, na kwamba halifai kuendelea kutumiwa kama kigezo cha kugawa vipindi vya historia ya fasihi yetu.

1. Utangulizi

Historia ya fasihi ya Afrika Mashariki iliyoandikwa kwa Kiingereza huanzia, karibu kila inaposimuliwa, juu ya kilima cha Makerere. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na kufikia 1949 kilikuwa kimepandishwa hadhi na kuingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada. Vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, pamoja na wachache kutoka nchi za jirani, walikutana hapo baada ya mchujo mkali wa mitihani. Wengi wao walikuwa wazungumzaji wa lugha mbili au tatu za Kiafrika, na wengi waliotoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar walikijua Kiswahili. Hata hivyo, shughuli za uandishi zilizowatambulisha kama waandishi ziliendeshwa kwa Kiingereza peke yake.

Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili kwa kawaida wameiacha historia hiyo kwa wenzao wa fasihi ya Kiingereza, kwa kuiona kuwa haiwahusu. Makala haya yanashikilia kwamba inawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika miaka ile ile ambapo Idara ya Kiingereza ilikuwa ikiwashindanisha wanafunzi wake, asasi kuu ya ukuzaji wa Kiswahili nayo ilikuwa Makerere. Pili, vigezo vilivyozaliwa na mashindano ya Kiingereza ndivyo vilivyotumika baadaye kuamua nani aitwe mwandishi wa Afrika Mashariki na nani asiitwe. Vigezo hivyo vimeingia hata katika mitaala na vitabu vinavyosimulia fasihi ya eneo hili kana kwamba ilianza katika miaka ya 1960.

Neno “shindano” linatumika hapa kwa maana pana kiasi. Linahusu utaratibu wowote rasmi ambao asasi inatangaza aina ya utungo na lugha yake, inateua waamuzi, kisha inatoa zawadi au nafasi ya kuonekana. Kwa maana hii, shindano hupima maandishi yaliyopo, na pia huelekeza ni maandishi gani yatakayoandikwa. Anayeandaa shindano la hadithi fupi kwa lugha fulani huwafanya watu waandike hadithi fupi kwa lugha hiyo, hata kama hapo awali walikuwa na mwelekeo wa tenzi au wa tumbuizo.

2. Idara ya Kiingereza na ngazi ya mwanafunzi mwandishi

Maisha ya mwanafunzi wa Makerere yalizunguka bweni lake. Mabweni kama Northcote na Mary Stuart yalikuwa na desturi zake na ushindani wake katika michezo. Miongoni mwa mashindano ya mabweni lilikuwapo lile la Kiingereza, ambapo kila bweni liliwasilisha kazi zake, ikiwamo tamthilia fupi ya onyesho moja iliyotungwa na wanafunzi wenyewe. Shindano hili halikuwa sehemu ya mtihani wa London. Mtaala wa London ulidai Shakespeare na washairi wa Uingereza, na haukuwa na nafasi ya mwanafunzi kutunga. Shindano la mabweni lilijaza pengo hilo, kwa kuwa ndilo lililomruhusu mwanafunzi kuandika juu ya kijiji chake, wazazi wake na vita vya nchi yake.

Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la Penpoint. Jarida hili likawa hatua ya pili ya ngazi, kwa kuwa kazi iliyoonekana bwenini au darasani iliweza kusomwa na chuo kizima, na mwandishi akawa na wasomaji wasiomfahamu kwa sura. Wanafunzi ndio walioshika uhariri, jambo lililowafunza kuchagua na kukataa kazi za wenzao. Miongoni mwa majina yanayohusishwa na jarida hilo ni Jonathan Kariara, John Nagenda na Peter Nazareth, ambao wote walikuja kujulikana kama waandishi, wahariri au wahakiki.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Ngũgĩ wa Thiong’o (1938–2025), ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi. Alijiunga na Makerere mwaka 1959. Katika kumbukumbu zake amesimulia jinsi alivyomwambia Kariara kwamba alikuwa ameandika hadithi fupi, ilhali hakuwa ameandika chochote, kisha akalazimika kuiandika. Hadithi hiyo, “Mugumo”, ilichapishwa katika Penpoint mwaka 1960. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini kinaonyesha jambo la msingi kuhusu asasi, kwamba kuwapo kwa jarida na mhariri anayesubiri kazi kunaweza kuizalisha kazi yenyewe. Baada ya hapo Ngũgĩ alitunga kwa ajili ya shindano la mabweni tamthilia fupi mbili, The Rebels na The Wound in the Heart, ambazo nazo zilichapishwa katika Penpoint mwaka 1961 na 1962.

Juu ya jarida kulikuwa na hatua nyingine. Mwaka 1965 David Cook, mhadhiri wa Idara ya Kiingereza, alihariri Origin East Africa, mkusanyiko wa maandishi ya watu wa Makerere uliotolewa na Heinemann katika mfululizo wa African Writers Series. Mfululizo huo ulikuwa umeanzishwa mwaka 1962, na mshauri wake mkuu alikuwa Chinua Achebe. Mwanafunzi aliyeanzia bwenini aliweza sasa kusomwa Lagos na London. Katika muda usiozidi miaka minane tangu Penpoint ianzishwe, ngazi ilikuwa imekamilika kuanzia shindano la ndani hadi soko la kimataifa la vitabu.

Isidhaniwe kwamba ngazi hiyo haikuwa na mlinzi. Kwa desturi, tamthilia iliyoshinda katika shindano la mabweni ilipewa nafasi ya kuonyeshwa katika Ukumbi wa Michezo wa Taifa, Kampala. The Wound in the Heart inahusu mfungwa wa Mau Mau anayerudi nyumbani na kukuta mkewe amebakwa na ofisa Mwingereza. Kwa mujibu wa masimulizi ya Ngũgĩ, tamthilia hiyo ilinyimwa nafasi ukumbini, na maelezo aliyopewa ni kwamba ofisa Mwingereza asingeweza kutenda kitendo kama hicho. Uamuzi huo haukuhusu sarufi wala ufundi wa jukwaa. Ulihusu kile ambacho wenye ukumbi walikuwa tayari kukikubali kuwa kinaweza kutokea. Hivyo, shindano lilimfundisha mwandishi wake kuandika na papo hapo likamwonyesha mpaka asioruhusiwa kuuvuka. Mnamo Novemba mwaka huo huo wa 1962, baada ya Uganda kupata uhuru, tamthilia yake ndefu The Black Hermit iliigizwa katika ukumbi ule ule. Hii ilihusu mvutano wa kabila, dini na siasa katika nchi huru, na haikumgusa ofisa Mwingereza kwa namna ile.

3. Kamati ya Kiswahili: shindano lisilo na darasa

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ikiwa na makao Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952. Kazi yake kuu ilikuwa usanifishaji, yaani kusawazisha tahajia, msamiati na sarufi, na kutoa ithibati kwa vitabu vya shule. Hata hivyo, miongoni mwa malengo yake yaliyotajwa tangu mwanzo lilikuwamo lile la kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza. Mashindano ya uandishi yalikuwa njia mojawapo ya kutekeleza lengo hilo. Kwa hiyo, wazo la kumshindanisha mwandishi Mwafrika halikuletwa na Idara ya Kiingereza ya Makerere. Kiswahili kilikuwa na mashindano rasmi kabla ya Penpoint.

Tena, ushindani wa utunzi ulikuwa na mizizi mirefu zaidi ya ukoloni. Katika pwani, malumbano ya kishairi ya akina Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu katika karne ya 19 yalikuwa shindano ambalo waamuzi wake walikuwa jamii yenyewe. Kurasa za mashairi za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ziliendeleza utamaduni huo wa kujibizana kwa chapa. Mshairi alimrushia mwenzake fumbo, mwenzake akalifumbua kwa vina na mizani ile ile, na wasomaji wakapima. Tofauti ya malumbano na shindano la kiasasi ni kwamba katika malumbano kanuni ni mali ya watunzi, ilhali katika shindano la kiasasi kanuni ni mali ya mwandalizi. Zawadi za Kamati zililenga zaidi nathari, insha na hadithi za kufaa shuleni, zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili Sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja. Mtunzi hodari wa Kimvita au Kiamu aliingia uwanjani akiwa tayari amepungukiwa alama.

Kwa upande huu mashindano ya lugha zote mbili yalifanana. Idara ya Kiingereza ilipima kwa Kiingereza cha mtihani wa Cambridge, na Kamati ilipima kwa Kiswahili cha kamusi yake. Kote kuwili, usanifu wa lugha ulitangulia usanii. Si sahihi, basi, kueleza kwamba Kiingereza kilikuwa na asasi kali na Kiswahili kikaachiwa uhuru, wala kinyume chake.

Ulinganishi unaofaa zaidi unapatikana katika mashindano ya East African Literature Bureau (kuanzia hapa EALB), asasi iliyoanzishwa mwaka 1948 kuchapisha na kusambaza vitabu katika nchi za Afrika Mashariki. Katika shindano lake la hadithi za Kiswahili la 1957–58, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipata nafasi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Riwaya hiyo ilimwingiza Bwana Msa katika fasihi na ikafungua njia ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Kisha, kwa ajili ya shindano la riwaya la EALB la mwaka 1961, mwanafunzi Ngũgĩ aliandika muswada wa kwanza wa kazi iliyokuja kuitwa The River Between. Mwandalizi alikuwa mmoja, na tofauti ya wakati ilikuwa miaka michache tu. Kila mmoja kati ya waandishi hao wawili alikuwa na kipaji kisichobishaniwa.

Njia zao baada ya hapo zilitofautiana. Ngũgĩ alitoa riwaya tatu mnamo 1964, 1965 na 1967. Kisima cha Giningi, riwaya ya pili ya Bwana Msa, ilitoka mwaka 1968, miaka minane baada ya ile ya kwanza. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa sababu moja, kwa kuwa Abdulla alikuwa mwandishi wa habari mwenye kazi zake, na Zanzibar ilipita katika mapinduzi mwaka 1964. Lakini sababu ya kiasasi haipuuziki. Ngũgĩ alikuwa na walimu waliosoma miswada yake, jarida lililomzoesha kusomwa, wahariri wa nje waliomtafuta na wahakiki waliomjadili. Abdulla alikuwa na cheti cha ushindi na wasomaji waliompenda. Hakukuwa na darasa la chuo kikuu ambamo Mzimu wa Watu wa Kale ingesomwa na wanafunzi ambao kesho yake wangejaribu kuandika kama yeye, au kinyume chake.

Swali linalofuata ni kwa nini Kamati, ikiwa Makerere, haikuunda darasa hilo. Sehemu ya jibu iko katika siasa ya lugha ya Uganda. Upinzani dhidi ya Kiswahili ulikuwa umetamkwa waziwazi na uongozi wa Buganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1950 lugha hiyo haikuwa na nafasi ya kueleweka katika elimu ya nchi ambamo Kamati ilikuwa imepanga chumba. Sehemu nyingine iko katika namna Kamati ilivyoielewa kazi yake. Chini ya W. H. Whiteley, jarida lake na viambatisho vyake vilifanya kazi ya thamani kubwa ya kuchapa matini za zamani. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy ulitolewa mwaka 1955, Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini mwaka 1957, na baada yake maisha ya Tippu Tip yaliyosimuliwa na mwenyewe. Kila mtafiti wa leo anazitegemea kazi hizo.

Hata hivyo, mgawanyo wa kazi uliojitokeza kilimani unahitaji kutajwa wazi. Kiswahili kilitendewa kama hazina ya kuhifadhiwa, na Kiingereza kikatendewa kama karakana ya kutengenezea vitu vipya. Mtu wa Kiswahili aliyeonekana Makerere alikuwa marehemu mwenye utenzi, naye mtu wa Kiingereza alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye hadithi yake ya kwanza. Tenzi za vita vya Maji Maji na vya Wajerumani zilipita mikononi mwa wanaisimu hatua chache kutoka mabweni ambamo wanafunzi walikuwa wakitafuta lugha ya kuelezea vita vya Mau Mau, na hakukuwa na utaratibu wa kuzikutanisha pande hizo mbili.

4. Juni 1962

Athari ya mgawanyo huo ilidhihirika katika mkutano wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962. Walihudhuria Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele na wengine, na kutoka Marekani alikuja Langston Hughes. Ngũgĩ alialikwa akiwa bado mwanafunzi. Katika mkutano huo alipata nafasi ya kumwonyesha Achebe muswada wa Weep Not, Child, uliochapishwa mwaka 1964.

Miaka mingi baadaye, katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ mwenyewe aliibua hoja ambayo imekuwa maarufu. Yeye alistahili kualikwa kwa sababu ya hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha kwa Kiingereza, ilhali Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kadhaa vya mashairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili. Hoja hii kwa kawaida hunukuliwa kama ushahidi wa ukoloni wa kiakili, na ndivyo ilivyo. Lakini ikitazamwa kwa jicho la historia ya asasi, inaeleza jambo mahususi zaidi. Hadithi hizo fupi zilikuwa mazao ya jarida la idara na utamaduni wa mashindano ya chuo. Kwa maneno mengine, cheti cha kuingilia mkutanoni kilikuwa cheti kilichotolewa na ngazi ya Idara ya Kiingereza. Shaaban Robert hakukosa kazi, alikosa ngazi iliyotambuliwa na waandalizi.

Si kwamba hakuwahi kutunukiwa. Alipata Tuzo ya Ukumbusho ya Margaret Wrong, na alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kiswahili yenyewe. Kusadikika ilikuwa imechapishwa mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka katika miaka ya 1967 na 1968, yeye akiwa hayupo. Mtu aliyeheshimiwa kiasi hicho na asasi za Kiswahili aliacha kazi zake kubwa zikiwa miswada. Hilo ndilo kipimo kizuri zaidi cha umbali uliokuwapo kati ya zawadi na uchapishaji.

Miaka mitatu baada ya mkutano, mwaka 1965, Taban lo Liyong alichapisha katika East Africa Journal la Nairobi makala yaliyoomboleza ukame wa fasihi wa Afrika Mashariki. Makala hayo yalizua mjadala mrefu na yakawasukuma vijana wengi kuandika. Lakini ukame aliouona ulipimwa kwa chombo kimoja, nacho ni idadi ya vitabu vya Kiingereza ikilinganishwa na ile ya Afrika Magharibi. Eneo lenye Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 na mkondo wa ushairi usiokatika tangu hapo liliweza kuitwa kame kwa sababu maandishi yake hayakupita katika mlango uliokuwa ukihesabiwa.

5. Majina ya Kiswahili katika majarida ya Kiingereza

Kuna ushahidi wa kiisimu wa namna hali hiyo ilivyoanza kuwasumbua wanafunzi wenyewe. Vyuo vitatu vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1963, vilikuwa kila kimoja na jarida la ubunifu lililohusishwa na taaluma ya Kiingereza. Makerere ilikuwa na Penpoint, Nairobi ilikuwa na Nexus, na Dar es Salaam ilikuwa na Darlite. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 majarida yote matatu yalikuwa yamebadilisha majina. Penpoint likawa Dhana, Nexus likawa Busara, na Darlite likawa Umma.

Mabadiliko haya yanastahili kuzingatiwa zaidi ya yalivyozingatiwa. Majina yote matatu ni ya Kiswahili chenye asili ya Kiarabu, ya msamiati wa fikra na wa siasa, na yalichaguliwa na vyuo vya nchi tatu zenye sera tofauti za lugha, ikiwamo Uganda. Yanaonyesha kwamba Kiswahili kilikwisha kukubaliwa kuwa ishara ya Uafrika wa pamoja. Lakini ndani ya majalada, hadithi na mashairi yaliendelea kuwa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Lugha ilipandishwa hadi kwenye jina la jarida kabla haijapewa kurasa. Wakati huo huo, mwaka 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa Nairobi waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na idara itakayoiweka Afrika katikati. Waraka huo ulibadilisha mitaala. Hata hivyo, idara iliyozaliwa iliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na ngazi ya uandishi ikabaki pale pale.

6. Dar es Salaam: hazina na karakana zinapokutana

Kielelezo cha pili kinatoka Dar es Salaam. Mwaka 1964 shughuli za Kamati ziliingizwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1970, chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, ikaanzishwa Idara ya Kiswahili. Kwa mara ya kwanza hazina ya Kamati na darasa la wanafunzi zilikuwa katika chuo kimoja, ndani ya nchi ambayo serikali yake ilikitumia Kiswahili katika shughuli zake.

Matokeo yalionekana upesi. Ebrahim Hussein, akiwa mwanafunzi hapo, aliandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, wakati ambapo wanahistoria wa chuo hicho walikuwa wakikusanya masimulizi ya vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee. Euphrase Kezilahabi alihitimu mwaka 1970, na Rosa Mistika ikatolewa na EALB mwaka uliofuata. Penina Muhando alitokea katika mazingira hayo hayo. Mada ya Maji Maji, ambayo mwaka 1957 ilitolewa Makerere kama matini ya kale ya kuhaririwa na kufasiriwa, sasa ilikuwa mali ghafi ya mwanafunzi anayetunga. Haihitajiki kudai kwamba Hussein aliutegemea utenzi wa Abdul Karim. Inatosha kuona kwamba mazingira yaliyotenganisha mambo hayo Makerere yaliyaunganisha Dar es Salaam.

Ulinganishi huu unajibu pingamizi linaloweza kutolewa, kwamba uandishi wa Kiingereza ulistawi Makerere kwa sababu Kiingereza kilikuwa lugha ya elimu ya juu na vijana walikuwa na umahiri zaidi wa kujieleza kwacho. Wanafunzi wa Dar es Salaam nao walipitia sekondari za Kiingereza na kufanya mitihani ya Kiingereza. Kilichobadilika kilikuwa mpangilio wa asasi. Walipopata walimu, jukwaa, wasomaji na mchapishaji wa Kiswahili, waliandika kwa Kiswahili, na baadhi yao wakaibadili kabisa fasihi ya lugha hiyo.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kati ya 1952 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilima cha Makerere kilibeba mifumo miwili ya kuwatia moyo waandishi. Mifumo hiyo ilishabihiana katika kutanguliza usanifu wa lugha na katika kulindwa na watawala. Ilitofautiana katika mwendelezo. Shindano la mwanafunzi wa Kiingereza lilikuwa daraja la kwanza, na shindano la mwandishi wa Kiswahili lilikuwa daraja la mwisho.

Kutokana na matokeo hayo, mambo mawili yanapendekezwa. La kwanza linahusu uandishi wa historia ya fasihi. Ugawaji wa vipindi unaoanzisha “fasihi ya kisasa ya Afrika Mashariki” katika miaka ya 1960 unapaswa kusomwa kama historia ya ngazi moja ya asasi, si kama historia ya utunzi wa eneo zima. Kazi za Ngũgĩ za kipindi hicho, ambazo baadhi zimewafikia wasomaji wa Kiswahili kupitia tafsiri kama Mtawa Mweusi na Njia Panda, zitaeleweka vizuri zaidi zikiwekwa ubavuni mwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotokana na shindano la mwandalizi yule yule.

La pili linahusu idara za Kiswahili za sasa. Tuzo za Kiswahili zimeongezeka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, na Tanzania imeanza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2023. Hizi ni hatua za kupongezwa, na tofauti na zile za miaka ya 1950, zinajali pia uchapishaji wa miswada inayoshinda. Lakini tuzo ya kitaifa au ya kimataifa ni ngazi ya juu, na ngazi ya juu haipandiki pasipo vidato vya chini. Kilichoifanya Makerere ya Kiingereza izae waandishi kilikuwa shindano dogo la mabweni, jarida lililohaririwa na wanafunzi, na mhadhiri aliyekuwa tayari kusoma muswada usiokuwamo katika mtihani. Idara nyingi za Kiswahili zina wanafunzi wengi kuliko Idara ya Kiingereza ya Makerere ilivyowahi kuwa nao katika miaka hiyo. Majarida yao ya kitaaluma, likiwamo hili, yanachapisha uhakiki wa kazi zilizokwisha kuandikwa. Mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kupeleka hadithi yake ya kwanza ya Kiswahili, ikasomwa, ikakosolewa na kuchapishwa, bado ni pachache, na hapo ndipo kazi inapopaswa kuanza.